Kitabu Chenye Mistari Mitupu

Vitabu vya fedha si adimu katika miji yetu. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997, utakikuta hata miongoni mwa vitabu vinavyotandazwa chini kando ya barabara. Anayetaka kilichoandikwa mahsusi kwa mwanamke atatafuta Women & Money cha Suze Orman, cha mwaka 2007. Sina sababu ya kuvibeza. Cha kwanza kimewafanya wengi wajiulize kwa mara ya kwanza kama kitu walichonunua kinawaingizia fedha au kinazitoa. Cha pili kilisema waziwazi kwamba mwanamke anaweza kuwa hodari katika kila jambo na bado akaikwepa hesabu ya fedha zake mwenyewe. Lakini vyote viwili vinamwona msomaji mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, kadi ya mkopo, mfuko wa uzeeni unaokatwa kazini na nyumba inayolipiwa benki kwa miaka mingi. Mama anayeuza samaki soko la Feri, Dar es Salaam, au nguo za mitumba Gikomba, Nairobi, hayumo humo. Fedha yake huingia asubuhi na kutoka jioni. Ana hisa kwenye kikoba cha kuweka na kukopa, ana zamu kwenye mchezo wa kupokezana fedha, ana marejesho ya mkopo Jumanne, na ana ndugu anayepiga simu kuomba nauli. Hoja yangu ni kwamba kitabu kitakachomwongezea maarifa na ujasiri mwanamke huyu hakiwezi kuwa cha kusomwa na kurudishwa kabatini. Lazima kimwachie nafasi ya kuandika humo hesabu zake mwenyewe, kwa lugha anayohesabia, kuhusu fedha za aina anayoishika kila siku.

Nianze na ujasiri, kwa sababu ndio unaosemwa sana na kuelezwa kidogo. Wachumi Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell walitunga maswali matatu mafupi ambayo leo yanatumika duniani kote kupima uelewa wa fedha: moja la riba, moja la mfumuko wa bei, moja la hatari ya kuweka fedha yote mahali pamoja. Nchi baada ya nchi, wanawake hupata alama za chini kuliko wanaume, na mtu mwenye haraka angeishia hapo na kusema wanawake hawajui. Mwaka 2021 Lusardi na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uholanzi, ambako watu walewale waliulizwa maswali yaleyale mara mbili, wiki chache zikiwa zimepita katikati. Mara ya kwanza waliruhusiwa kujibu "sijui". Mara ya pili jibu hilo liliondolewa. Wanawake wengi waliokuwa wamesema hawajui walichagua jibu sahihi. Watafiti walikadiria kwamba kama theluthi moja ya pengo kati ya wanawake na wanaume haikutokana na kutojua bali na kutojiamini. Theluthi mbili zilizobaki ni kutojua kweli, na ningekuwa nadanganya nikisema kutiana moyo kunatosha. Hata hivyo utafiti huo unatufundisha jambo kuhusu kutengeneza kitabu. Wanawake wale hawakupewa semina wala hotuba ya kujipenda. Waliondolewa tu mahali pa kujificha, wakatakiwa wajibu. Ukurasa wenye mstari mtupu unafanya kazi ileile: unamdai mtu tarakimu, naye akishaiandika anagundua kwamba alikuwa anaijua.

Chukua mkopo wa kausha damu, kama wakopaji wanavyouita mkopo wa haraka wenye riba kubwa. Tuseme mwanamke anaambiwa atapata Sh200,000 kwa riba ya asilimia 20, arejeshe Sh8,000 kila siku kwa siku 30. Kabla hajaishika fedha anakatwa Sh10,000 ya fomu, kwa hiyo anaondoka na Sh190,000. Atarejesha Sh240,000. Gharama yake imekwishakuwa Sh50,000, wala si Sh40,000 alizotajiwa. Na kuna jambo la pili ambalo halimo kwenye maelezo ya mkopeshaji. Anaanza kurejesha kesho yake, na kila siku kipande cha deni kinarudi, hivyo ukichukua wastani wa mwezi mzima, fedha ya mkopeshaji iliyobaki mikononi mwake ni kama laki moja tu. Laki moja ameilipia Sh50,000. Riba halisi inakaribia asilimia 50 kwa mwezi. Hapa hakuna elimu ya chuo kikuu, ni kujumlisha, kutoa na kugawanya, mambo ambayo mtu aliyemaliza darasa la saba ameshayafanya maelfu ya mara akiwa anahesabu chenji ya wateja. Kinachokosekana ni ukurasa uliochorwa tayari, wenye mistari mitano: nimepewa ngapi mkononi, nimekatwa ngapi, narejesha ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, jumla ngapi. Akiijaza kabla ya kutia saini, anaweza bado kuuchukua mkopo huo, kwa kuwa mtoto anaumwa au duka limeungua. Ila ataingia akijua bei yake.

Bahati nzuri hatuanzi kutoka sifuri. Kitabu cha fedha kinachofunguliwa na wanawake wengi kuliko chochote kilichowahi kuuzwa dukani hapa kwetu ni kile kijitabu cha kikoba. Asili ya mfumo huo ni Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha na wanawake wa vijijini vikundi vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Ulipoenea Afrika ulibeba uvumbuzi mmoja ambao nauona ni wa akili nyingi kuliko sifa zinazoupata: kila mwanachama ana kijitabu chake, na kila hisa anayonunua kwenye mkutano, kuanzia moja hadi tano, inagongewa muhuri. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri. Fedha inahesabiwa mbele ya wote, sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Siku ya kuvunja kikoba na kugawana, hakuna anayemwomba mwekahazina amwamini; anafungua kijitabu chake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na vikundi hivi vimeigeuza kauli hiyo kuwa utaratibu wa kila wiki. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, imevitambua vikundi vya kijamii kama hivi na kuviweka katika daraja la nne la watoa huduma.

Upungufu wa kijitabu hicho ni kwamba kinaishia mlangoni pa kikoba. Kinajua hisa na mkopo wa kikundi, hakijui mauzo ya genge, deni la mwenye duka la jumla, ada ya shule, wala kiwanja kilichonunuliwa kwa majina ya watu wawili na kuandikwa jina la mmoja. Kitabu ninachokitetea kingeanza pale kijitabu kinapoishia. Na hakihitaji kumfanya muuza maandazi awe mhasibu. Katika Jamhuri ya Dominika, Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar waliwagawa wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake, katika makundi, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Kundi moja lilifundishwa uhasibu wa kawaida. Jingine lilifundishwa kanuni chache rahisi, kubwa yao ikiwa kuweka fedha ya biashara na fedha ya nyumbani mahali pawili tofauti, na kutoivusha bila kuandika kwamba imevuka. Waliofundishwa uhasibu hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliopewa kanuni rahisi walianza kutunza kumbukumbu vizuri zaidi. Vibubu viwili na daftari moja: hiyo ni sura nzima ya kitabu, na yeyote anayeishi kwa biashara ya mtaani anaielewa kwa sentensi moja.

Nimefika kwenye pingamizi zito, na sitaki kulipita kwa haraka. Wapo wanaosema kwamba kumpa mwanamke kitabu ni kumbebesha lawama ya umaskini wake. Hakosi maarifa, wanasema. Anakosa mtaji, muda na mamlaka juu ya fedha anayoitafuta. Ushahidi wao ni wa kweli na mmojawapo unatoka Dar es Salaam. Lars Ivar Oppedal Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden waliwafuatilia wajasiriamali wadogo waliokuwa wateja wa taasisi ya mikopo ya PRIDE. Baadhi yao walipewa mafunzo ya biashara kwa vipindi 21. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba biashara za wanaume waliofunzwa zilikua, lakini kwa wanawake athari ilikuwa hafifu mno. Darasa lilikuwa moja na walimu walewale. Tofauti ilikuwa nje ya darasa, katika yale yanayombana mwanamke akirudi nyumbani na sokoni. Huko magharibi mwa Kenya, katika soko la Bumala, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kinyume: hawakufundisha kitu, waliwafungulia tu wachuuzi akaunti benki. Akaunti hizo hazikulipa riba na zilitoza ada kila unapotoa fedha, yaani kuweka humo kulikuwa na hasara kidogo. Bado wachuuzi wanawake walizitumia, na katika miezi michache uwekezaji wao kwenye biashara uliongezeka kwa kati ya asilimia 38 na 56. Kwa nini mtu alipie mahali pa kuweka fedha? Jibu linaloelekea zaidi ni kwamba fedha iliyo mkobani ina wenyewe wengi, na iliyo benki ina mwenyewe mmoja.

Ninakubali tafiti zote mbili, na ninadhani zinakitetea kitabu sahihi dhidi ya kitabu kibovu. Mafunzo ya Dar es Salaam yalimfundisha mwanamke namna ya kuendesha biashara, na somo hilo ni jema, lakini mkwamo wake haukuwa hapo. Kilichosaidia Bumala kilikuwa jibu la swali ambalo vitabu vya Marekani havina sababu ya kuliuliza: nitaiweka wapi fedha ili ibaki yangu hadi niihitaji? Kitabu cha mwanamke wa huku lazima kiliulize hilo katika kurasa za mwanzo. Lazima pia kiseme habari za mume, wifi, shemeji na mjomba bila kuzunguka, na kisiwe na woga wa kueleza sheria, kwa sababu mamlaka juu ya fedha nusu yake inaamuliwa mahakamani na nusu nyingine na watu wanaojua kwamba mahakama ipo.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hukumu hiyo inasifiwa, na inastahili. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa Mahakama iliona fedha aliyokuwa amepewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia aliifuja. Kanuni ilishinda na mwanamke akatoka mikono mitupu, na kilichomponza ni suala la fedha ilikokwenda. Miaka 40 baadaye, Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa wanandoa uliomo kwenye Katiba haumaanishi mali igawanywe nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe mchango wake, uwe wa fedha au usiwe wa fedha. Mtu anaweza kuiona hukumu hiyo ngumu kwa wanawake. Maadamu ndiyo sheria, neno kubwa ndani yake ni "uthibitishe". Mwanamke aliyenunua mifuko 60 ya saruji kwa fedha ya mchezo, akalipa fundi, akalipa ada za watoto miaka kumi ili mshahara wa mume uende kwenye kiwanja, anathibitisha kwa nini? Risiti zimefutika wino. Mashahidi wamehama. Daftari lenye tarehe, lililojazwa wakati mapenzi yakiwa bado mazuri na hakuna aliyewaza kesi, lina uzito ambao kumbukumbu ya mdomo haina.

Sura ya mirathi nayo haikwepeki, na hapa kitabu cha Marekani hakina la kusema kabisa. Tanzania ina sheria za mirathi zaidi ya moja, na ipi itumike hutegemea dini, kabila na namna marehemu alivyoishi. Mjane Mwislamu aliyeachwa na mume mwenye watoto ana fungu la moja ya nane, na kama mume hakuacha mtoto fungu lake ni robo. Wakiwa wake zaidi ya mmoja wanagawana fungu hilohilo. Mahari na mali aliyochuma mwenyewe ni vyake, haviingii kwenye urithi wa mume. Kwa wanaohukumiwa kwa Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, mjane ana hali ngumu zaidi, na mali ya ukoo inamponyoka hata kama ndiye aliyeilima. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinazuia nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Haya ni maarifa ya fedha kuliko somo lolote la soko la hisa, kwa sababu nyumba moja iliyookolewa ni akiba ya miaka 20 ya kikoba.

Pingamizi jingine linatoka kwa wanatakwimu. Mwaka 2014 Daniel Fernandes, John Lynch na Richard Netemeyer walikusanya tafiti nyingi kuhusu elimu ya fedha wakahitimisha kwamba elimu hiyo inaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za tabia za watu kifedha, na kwamba manufaa yake hufifia kadiri miezi inavyopita. Tarakimu hiyo imenukuliwa sana na wanaotaka programu zote za aina hii zifungwe. Uchambuzi wa baadaye, uliotoka mwaka 2022 na kujumuisha majaribio 76, ulikuta athari nzuri na zenye maana, kwa hiyo suala halijafungwa. Lakini tuchukulie wa kwanza wako sahihi, hasa kuhusu kufifia. Kinachofifia ni semina. Mtu hufundishwa riba Machi, akakopa Novemba, na katikati amesahau. Ndiyo maana waandishi hao wenyewe walipendekeza elimu itolewe karibu na wakati wa kuitumia. Semina haiwezi kumsubiri mtu hadi Novemba, ila kitabu kilichotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango kinaweza.

Kuna wanaosema simu imemaliza kazi ya daftari. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na utafiti wa Tavneet Suri na William Jack wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba huduma hiyo iliwawezesha wanawake 185,000 kuacha kilimo cha kujikimu na kuingia kwenye biashara. Siwezi kudharau hilo. Ila simu inakumbuka fedha iliyopita ndani yake tu. Taslimu za sokoni haizijui, saruji haiijui, na haijui kama ile Sh30,000 iliyotumwa kwa shemeji ilikuwa zawadi au deni. Na kwa wanaouliza kwa nini kitabu kiwe cha wanawake peke yao, hesabu ya riba ni moja kwa wote na mwanamume akiisoma haitamdhuru. Mgawo wa mirathi, ujauzito unaokatisha mauzo kwa miezi, na fedha yenye wenyewe wengi vinamwangukia mwanamke zaidi, basi kurasa zianze kwake.

Namna ya kukiandika? Mnigeria Arese Ugwu alitoa The Smart Money Woman mwaka 2016, hadithi ya Zuri, msichana wa Lagos mwenye kazi nzuri, gari zuri na akaunti tupu. Kila sura ina kisa na mwisho wake kuna zoezi, na mwaka 2020 ikawa tamthilia ya televisheni. Njia hiyo ingetufaa, kwa sababu msomaji wetu amelelewa na riwaya za magazetini na michezo ya redio, na atamfuata mhusika aliyenaswa na kausha damu hata kama hajawahi kupenda hesabu. Zuri ni wa tabaka la wenye mshahara na Kiingereza, mwenzake wa Kiswahili atakuwa na meza sokoni. Lugha si kikwazo. Riba, mtaji, rehani, dhamana, amana, hisa na hatifungani tunazo, na mfumuko wa bei umeelezeka siku nyingi kwa kipimo cha unga. Msomaji aliyeijua riba kwenye ukurasa wa mkopo anaweza kusoma pia fedha inavyomzalia yeye, kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa Umoja ulioanzishwa na UTT ya Tanzania mwaka 2005, au kwenye hatifungani kama M-Akiba ya Kenya, iliyouzwa kwa simu mwaka 2017 kuanzia KSh3,000.

Kazi ya kwanza ningewapa makatibu wa vikoba, ambao wameshika kalamu mbele ya watu wenye fedha zao kwa miaka, wakae na mwanasheria mmoja na mwandishi mmoja wa hadithi. Karatasi iwe ya daftari la shule, si ile inayong'aa isiyoshika wino wa kalamu ya mia mbili. Bei isizidi hisa moja ya kikoba cha kawaida, na kiuzwe palepale kwenye mkutano, siku ya kuvunja, wakati kila mtu ana fedha mkononi na hajaamua aifanyie nini. Ukurasa wa mwisho ubaki kwa orodha: akaunti ipi iko benki gani, hisa ngapi ziko kikoba kipi, hati ya kiwanja anayo nani na ina jina la nani, nani anamdai na nani anadaiwa naye, na mtoto gani anajua kitabu hiki kimewekwa wapi.